Kikombe cha Kupimia Maji

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye lango la marubani kwa gundi nyingi, kana kwamba aliyelibandika alijua kuna watu watataka kulibandua. Lilikuwa na kurasa nne, vifungu kumi na saba. Wenye ndege ndogo waliofika asubuhi ile walisoma mistari miwili ya juu, wakaguna, wakapita zao. Mzee Spana alivaa miwani ya kusomea, akaweka mkoba chini, akasoma vifungu vyote kumi na saba. Kile cha tisa alikisoma mara tatu.

Jina la Spana alipewa karakana miaka mingi nyuma, kwa sababu alikuwa hatoki nyumbani bila spana namba kumi mfukoni, hata akienda harusini. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa injini za ndege. Mchana alifungua na kufunga ndege za watu. Jioni alikwenda shule ya watu wazima, akajibana kwenye dawati ambalo magoti yake hayakuenea, akasoma hesabu na fizikia katikati ya watu waliosinzia. Alipata leseni ya urubani akiwa na miaka arobaini na saba. Ndege yake, ya injini moja na viti vinne, aliinunua ikiwa gofu, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja. Kila baada ya Jumamosi moja alikuwa akiruka nayo dakika hamsini kwenda kumwona dada yake ng'ambo ya milima, mahali ambapo kwa gari ni safari ya siku mbili, na mgongo wake ulishaikataa safari hiyo.

Kifungu cha tisa kilisema kwamba hakuna rubani wa ndege binafsi atakayeingia mahali ndege zinapoegeshwa akiwa na chombo chochote cha kuwekea kimiminika, wala kitu chochote chenye ncha.

"Haya mzee, mkoba juu ya meza," alisema mlinzi wa lango, msichana mwenye sare mpya iliyomzidi mabega.

Akatoa ramani, tochi, kitambaa cha kufutia mikono. Kisha akatoa kikombe chembamba cha plastiki angavu, kirefu kama kidole cha kati, ambacho katikati yake kilisimama kijiti cha chuma.

"Na hiki?"

"Cha kupimia mafuta."

"Kinawekewa kimiminika?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na hii ni ncha."

"Ni ncha, binti."

"Basi mzee wangu umejikamatisha mara mbili kwa mkupuo." Alicheka kidogo, halafu akaikumbuka sare yake. "Hakiingii."

Mzee Spana hakupandisha sauti. Alimweleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza vijana wa karakana. Usiku tangi hupoa, na unyevu uliomo ndani hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanashuka na kutulia chini kabisa, mlemle injini inamonywea. Rubani, kabla ya kuwasha, anachoma kijiti kile chini ya bawa, mafuta kidogo yanaingia kwenye kikombe, anayainua kwenye mwanga na kuyatazama.

"Maji yakiwemo nayaona. Nisipoyaona mimi hapa chini, injini itayaona kule juu."

"Nimekuelewa, mzee. Lakini mimi nimepewa karatasi, sikupewa injini."

"Basi leo siruki. Daftari la matukio unalo?"

"Lipo."

"Andika ulichofanya. Rubani fulani, saa fulani, amezuiwa kupima maji kwenye mafuta ya ndege yake, kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Weka sahihi, nami nitaweka yangu."

Msichana aliandika, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Mzee alisoma, akasaini, akafunga mkoba.

"Kesho nitakuja tena," alisema.

*

Ndani ya chumba cha marubani, upande wa nje ya lango, daktari wa meno alikuwa akinywa chai miguu ikiwa juu ya kiti. Ndege yake ililala jirani na ya Mzee Spana, na kwa miaka kumi na mitano walikuwa wakiazimana vifaa na kutukanana kwa upendo.

"Nimesikia umekamatwa na silaha," alisema daktari.

"Wewe umeingiaje na chako?"

Daktari alitazama mlango, akapandisha suruali. Kikombe kilikuwa kimelala ndani ya soksi, kijiti kikiwa kimetazama juu.

"Nimesaini fomu yao, nimewachekea, nimepita. Hicho kijiti ni kidogo kuliko jino la bandia. Yule mama wa mashamba ya maua ameficha chake kwenye chupa ya chai, na chupa yenyewe wameipitisha, ati chai si silaha. Yule wa mbao amekiweka ndani ya kofia. Wote tuko hivyo, Spana. Wewe peke yako ndiye unayesimama pale kama umekuja kuomba kazi."

"Siwezi kuingia na kikombe changu mwenyewe kama mwizi wa kuku."

"Umesoma mwisho wa tangazo? Asiyesaini hadi tarehe thelathini anaondoa ndege yake hapa. Utaipeleka wapi? Sebuleni?"

Jambo hilo Mzee Spana alikuwa ameshalipima. Uwanja mwingine mdogo ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari. Kuiondoa ndege pale kulikuwa na maana moja tu: kuiuza vipandevipande, na kubaki kuongea na dada kwa simu hadi mmoja wao aondoke duniani.

"Saini, weka kwenye soksi, maisha yaendelee," daktari alisema kwa upole.

"Nikisaini nimesema nimekubali. Na mimi sijakubali."

Daktari aliguna. Alijua kisa. Mtu aliyemfundisha Mzee Spana kuruka aliondoka asubuhi moja kwa haraka bila kupima, na injini ikazimika kabla hajafika hata juu ya paa za nyumba. Fundi aliyetumwa kufungua mabaki ya ile ndege alikuwa Spana mwenyewe. Alichokikuta kwenye chujio la mafuta kilikuwa maji, hayajai vijiko viwili.

*

Aliandika barua. Aliiandika kwa mkono mara tatu, kamusi ikiwa pembeni, mpaka ikatosha kurasa mbili safi. Alinukuu sheria ya usafiri wa anga, ile aliyoikariri alipokuwa akitafuta leseni, inayomtaka rubani ahakikishe kabla ya kila safari kwamba mafuta yake hayana maji. Kisha akanukuu kifungu cha tisa. Mwisho akauliza swali moja: nitii ipi? Aliipeleka ofisini kwa meneja wa uwanja, akagongewa muhuri wa kupokelewa. Haikujibiwa.

Basi kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa langoni na mkoba wake. Anatoa kikombe, anakataliwa, anaomba iandikwe. Walinzi walianza kwa kumwonea huruma, wakaja wakamchoka, mwishowe wakamzoea. Siku ya sita, mlinzi mmoja mnene aliandika: "Mzee yuleyule, kikombe kilekile, amezuiwa." Mzee akamrudishia kalamu.

"Nimezuiwa kufanya nini?"

"Si unajua mwenyewe, mzee?"

"Mimi najua. Daftari halijui."

Mlinzi akashusha pumzi, akaongeza: kupima maji kwenye mafuta.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, na aliyekuwa zamu aliandika: "Amekuja na mwavuli. Mwavuli una ncha. Mwavuli tumeuruhusu. Kikombe tumekizuia asipime maji." Mzee Spana alisoma hilo mara mbili, akasaini bila kucheka, na kicheko akakihifadhi mpaka alipofika kwenye baiskeli yake.

Mtu mmoja tu hakuonekana langoni asubuhi zote hizo, naye ni mkuu wa ulinzi wa uwanja. Mkuu huyo alikuwa amemwoa binti wa Mzee Spana. Kifungu cha pili kilitaka kila rubani apekuliwe kwa mikono kuanzia mabegani hadi visiginoni, na kumpapasa baba mkwe kiunoni mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo mkuu wa ulinzi hakuliweza. Alijipangia zamu za mchana.

Jumapili, lakini, hakuwa na pa kukimbilia. Alikuja na mkewe kula, akakaa mezani akisukuma chakula huku na huku kwenye sahani.

"Baba," alisema hatimaye, "kule kazini wananicheka. Wanasema mkuu wa ulinzi ameshindwa na mkwewe."

"Umeshindwa wapi, na kila siku unanizuia?"

Binti alificha mdomo kwa kitambaa.

"Baba, usaini tu. Nisaidie."

"Mkwe wangu, nikuulize. Hiyo kanuni uliitunga wewe?"

"Hapana. Kuna uwanja mmoja huko mbali mtu alipenya na bastola mpaka kwenye ndege. Tukaletewa vifungu, tukaambiwa tubandike."

"Bastola mzuie. Hata mimi nitakusaidia kumkamata. Mimi nagombea kikombe."

Mkuu wa ulinzi alisema kwa sauti ya chini, "Meneja anataka walinzi waache kuandika. Anasema daftari linajaa upuuzi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye ninayewafundisha vijana. Siku ya kwanza ya mafunzo nawaambia kila kinachotokea langoni kiandikwe, hata paka akipita."

"Basi mimi niandikwe kama paka," alisema Mzee Spana, akamsogezea bakuli la mboga. "Kula, umekonda."

*

Dada yake alipiga simu zikiwa zimebaki siku mbili. Alikuwa na miaka themanini na mitatu na sauti iliyosikika hata simu ikiwa mezani.

"Mdogo wangu, ni mwezi sasa sijasikia hiyo mashine yako ya kusaga ikipita juu ya paa langu. Umeiuza kwa nani?"

"Nipo, dada. Kuna karatasi hazijakaa sawa."

"Karatasi gani?"

Akamweleza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Wenzako wanaruka?"

"Wanaruka. Wameficha."

"Wewe tangu mdogo ukinuna, unanuna mpaka sufuria zinaogopa." Alikohoa, akatulia. "Sikwambii ufanye nini. Umesoma kunishinda. Ila mimi sina miaka ya kungojea vifungu kumi na saba."

Simu ilipokatika, Mzee Spana alikaa kitandani kwa muda mrefu. Halafu akafungua kabati, akachukua soksi nene za sufu, akavaa mguu wa kulia, akatia kikombe ndani. Akasimama. Akatembea hadi dirishani na kurudi. Kilikaa vizuri, hakuna ambaye angejua. Alijiona kwenye kioo cha kabati, mzee mwenye soksi moja, anayechechemea kidogo ili kijiti kisimchome. Alijitazama mpaka akaona haya. Akavua soksi, akakifuta kikombe kwa kitambaa, akakirudisha kwenye mkoba mahali pake.

*

Tarehe thelathini mchana meneja aliwaita marubani wote kumi na wawili chumba cha mikutano. Meneja alikuwa mama mrefu, mpole wa sauti, aliyezoea kumaliza vikao kabla chai haijapoa. Fomu kumi na moja zilikuwa mbele yake zimesainiwa. Ya kumi na mbili ilikuwa tupu.

"Sitawachelewesha," alisema. "Tunangojea sahihi moja."

Mzee Spana alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano, lile la siku alipopokea cheti cha shule ya jioni.

"Mama Meneja, niliandika barua sikujibiwa. Sina neno, una kazi nyingi. Naomba tu daftari la matukio la lango lisomwe hapa."

"Daftari ni mambo ya ndani, mzee."

"Lina sahihi yangu kila ukurasa. Kwa hiyo na mimi nimo ndani."

Watu walicheka chini kwa chini. Meneja aligeuka kumtazama mkuu wa ulinzi aliyesimama karibu na mlango. Daftari alikuwa nalo kwapani. Mzee Spana hakumwangalia, alitazama meza. Hakujua kama kurasa bado zilikuwa zote, na hakutaka macho yake yamwombe mkwe kitu.

Mkuu wa ulinzi alilifungua, akasoma. Alisoma tarehe, saa na maneno, moja baada ya jingine, kwa sauti ya gwaride. Amezuiwa kupima maji. Amezuiwa kupima maji. Alipofika kwenye mwavuli watu walicheka tena, lakini kicheko kilikufa njiani, kwa sababu alikuwa bado anaendelea. Matukio yalikuwa ishirini na sita. Hapakuwa na ukurasa uliokosekana.

"Mama," alisema Mzee Spana, "ndege ikianguka mpelelezi wa ajali huuliza mapema sana kama mafuta yalipimwa. Nimewahi kusimama mbele ya mpelelezi, mikono ina grisi, nikaulizwa swali hilo. Siku akija hapa atafungua daftari hili. Atakuta uwanja wenyewe umeandika, kwa mkono wake, mara ishirini na sita, kwamba ulimzuia rubani asipime. Sitaki siku hiyo ifike, kwangu wala kwako. Ndiyo sababu sisaini."

Meneja alifikiri. Hakuwa mtu mjinga.

"Nimekusikia, mzee. Lakini wenzako kumi na mmoja wanaruka mwezi mzima bila kikombe, na hakuna hata mmoja aliyepata tatizo. Huoni kwamba jambo hili unalikuza?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Mzee Spana, na lilikuwa jibu la kumaliza kikao. Angetaja soksi, chupa ya chai na kofia, basi. Lakini siri hizo hazikuwa zake.

"Hilo siwezi kulijibu mimi," alisema, na akakaa.

Kiti kililia. Daktari wa meno alikuwa ameinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Aliinuka na kikombe, akakiweka mezani mbele ya meneja. Kikasimama.

"Nisamehe, Mama. Kinakaa kwenye soksi."

Mama wa mashamba ya maua alishusha pumzi, akafungua chupa yake ya chai na kutoa chake, kikinukia tangawizi. Yule wa mbao alivua kofia. Mmoja baada ya mwingine waliweka, wengine wakicheka kwa aibu, mpaka mezani pakawa na vikombe kumi na kimoja, na fomu kumi na moja zilizosainiwa zikiwa pembeni.

Meneja alivihesabu kwa kidole.

"Sasa walinzi wangu wanapekua nini kila asubuhi?" aliuliza.

Mkuu wa ulinzi alifunga daftari. "Mwezi mzima tumekamata mtu mmoja tu, Mama," alisema. "Yule anayetuonyesha."

*

Haikwisha siku ile kama kwenye hadithi za watoto. Meneja alisema hana mamlaka ya kufuta vifungu, akapiga simu huku na kule, akaondoka, akarudi. Jioni ilipoingia, kifungu cha tisa kilikuwa kimeongezewa mstari kwa kalamu na muhuri: kikombe cha kupimia mafuta kitaandikishwa langoni, kitapewa namba, kitapita. Kupekuliwa kulibaki, na kutoa taarifa siku mbili kabla ya kuruka kukabaki.

Mzee Spana alisoma ule mstari, akahakikisha muhuri umeshika, ndipo akasaini.

"Sasa umeridhika?" daktari alimnong'oneza.

"Na hiki cha tisa, ndiyo. Kifungu cha nne cha siku mbili tutaonana nacho. Karatasi za barua ninazo bado."

"Spana, utatuua."

"Na wewe mara hii utasaini barua pamoja nami."

Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, langoni alisimama mkuu wa ulinzi mwenyewe, sare imepigwa pasi. Yule msichana aliandika namba ya kikombe, kisha akasogea pembeni na kujifanya anatafuta kalamu.

"Baba, shikamoo. Inua mikono, tafadhali."

"Marahaba." Akainua, akakaza macho kwenye mnara wa kuongozea ndege. Mikono ya mkwe ilimpita mabegani na mbavuni kama ya mtu anayegusa pasi yenye moto, ikafika kiunoni, ikasita.

"Mfuko wa kulia kuna spana namba kumi," alisema Mzee Spana. "Haina ncha. Fanya kazi yako, mkwe, usije ukaandikwa."

Mkuu wa ulinzi alicheka bila kutaka. Akapekua hadi visiginoni. Kisha akamsindikiza hadi kwenye ndege, maana kifungu cha tano kilitaka hivyo, daftari likiwa kwapani.

Ndege ilikuwa imekaa zaidi ya mwezi, na mvua ilikuwa imenyesha. Mzee Spana aliinama chini ya bawa, akachoma kijiti, mafuta ya bluu iliyofifia yakajaa kikombe. Akakiinua kuelekea jua.

"Njoo uone."

Mkwe akasogeza uso. Chini kabisa, chini ya ile bluu, palikuwa na kitone cheupe kisichochanganyika, kimejikunja kama punje ya dengu, kikitembea huku na huku.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Akamwaga kwenye chupa ya taka, akachota tena. Punje ikawa ndogo. Mara ya tatu ikawa ya kuitafuta. Mara ya nne na ya tano mafuta yalikuwa safi. Akazunguka bawa la pili na kuanza upya, bila haraka, na mkwe wake akamfuata hatua kwa hatua bila kuuliza ni saa ngapi.

Walipomaliza, mkuu wa ulinzi alifungua daftari juu ya goti.

"Niandike na maji, Baba?"

"Andika ulichokiona."

Aliandika: "Rubani ameruhusiwa kupima. Maji yameonekana, yameondolewa." Mzee Spana alivaa miwani, akasoma, akasaini. Akakifuta kikombe kwa kitambaa, akakitia mfuko wa kifuani mwa koti, mahali ambapo kila mtu angekiona, akapanda. Ng'ambo ya milima, dada yake alikuwa ameshatoa kiti nje tangu alfajiri, akingoja kusikia mashine ya kusaga.